Injini isikilizwe kabla ya kufunguliwa

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na vijana wa bodaboda na mafundi wao. Mwezi uliopita nusura nipasue injini nzima mpaka krenki, mhimili wa chini unaozungushwa na pistoni, kumbe tatizo lilikuwa nati moja.

Pikipiki yenyewe ni BSA B31 ya marehemu baba. Aliinunua mwaka 1956 akiwa mtumishi wa afya wilaya ya Bukedi, akizunguka nayo vijijini kukagua visima na vyoo. Ina silinda moja ya ujazo wa sisi 348, na tangi lina nembo ya bunduki tatu zilizoegemezwa pamoja, kwa sababu wenye kiwanda kule Birmingham, Uingereza, walianza kwa kutengeneza silaha. Wajukuu wangu hawachoki kuniuliza habari za bunduki hizo. Mimi nilianza kazi ya reli mwaka 1974, enzi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, na ilipovunjika mwaka 1977 nikabaki na reli ya Uganda hadi kustaafu. Miaka yote hiyo mashine ya baba ilikuwa imelala hapa Tororo chini ya maturubai.

Kuifufua kumenichukua miezi minane. Silinda niliipeleka Katwe, Kampala, ikachongwa upya. Pistoni na ringi ziliagizwa Uingereza. Konrodi, mkono unaounganisha pistoni na krenki, nikaiwekea pini mpya na rola zake, nikabadilisha na bushi ya juu, nikasaga valvu kwa mkono jioni baada ya jioni. Siku ya kuiwasha ilishika kwa kiki ya nne. Mama watoto alitoka jikoni akapiga vigelegele. Dakika kumi baadaye, injini ilipopata moto na kutulia, nikasikia chini: ko, ko, ko, ko.

Aliyewahi kukesha na injini anajua moyo unavyoshuka hapo.

Nikaita mafundi. Wa kwanza alisimama hatua tano kutoka kwenye pikipiki, akasema, "Mzee, konrodi imekwisha." Nikamwambia ni mpya. Akasema basi imefungwa vibaya. Wa pili akasema pistoni ni ndogo, inapigapiga ukuta wa silinda. Wa tatu hakungoja hata niiwashe: akataja laki tatu na nusu ya kufungua, vipuri mbali. Si watu wabaya hawa. Lakini hakuna hata mmoja aliyeinama akaweka sikio.

Pale Nalukolongo, karakana ya reli kule Kampala, kabla hujagusa spana uliulizwa mlio unatoka wapi, na unakuja wakati gani. Nikachukua bisibisi ndefu, ncha juu ya chuma, mpini wa mbao kwenye mfupa ulio mbele ya sikio. Kifaa hicho kila fundi anacho.

Nilianza na oili. Mashine hizi haziweki oili chini ya injini kama bodaboda za leo. Ina tangi lake pembeni, pampu inaipeleka na kuirudisha, na ukifungua kifuniko unaiona ikirudi kwa macho yako. Ilikuwa inarudi. Isingerudi, ningezima hapo hapo.

Kisha nikahesabu. Injini ya namna hii, krenki ikizunguka mara mbili kemshafti, mhimili unaofungua valvu, huzunguka mara moja tu, kwa hiyo mlio wa valvu na tapeti, vile vipande vinavyosukuma fimbo za valvu, huja nusu ya mwendo wa krenki. Nikaweka kidole kwenye bomba la fimbo za valvu: kila fimbo ilipopiga mara moja, kule chini kuligonga mara mbili. Tapeti zikaondoka kwenye orodha.

Pistoni je? Pistoni iliyolegea hupiga kelele injini ikiwa baridi, kisha hutulia, maana alumini ikipata moto hutanuka kuliko chuma cha silinda na nafasi hupungua. Yangu ilifanya kinyume: kimya asubuhi, kelele ikishapata moto.

Ikabaki konrodi, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa kweli. Nikaipeleka barabarani, nikapanda kilima cha upande wa mwamba kwa gia ya pili. Mlio ukapotea kabisa! Nikasimama juu, nikaiacha iungurume polepole, ukarudi. Konrodi iliyokwisha haifanyi hivyo. Ukiipa mzigo ndipo inapolia zaidi. Hiki changu kilinyamaza kila kilipovutwa, yaani kilikuwa kitu kinachocheza pale tu kisipobanwa na mvuto wa cheni.

Nikarudisha bisibisi. Upande wa kulia, kwenye gia za taimingi, mlio ulikuwa wa mbali. Upande wa kushoto, kwenye kasha la cheni ya kwanza inayokwenda kwenye klachi, uliniingia kichwani kama nyundo. Nikamwaga oili ya kasha, nikafungua skrubu moja moja. Mwisho wa krenki pale kuna springi nene inayopunguza mshtuko wa sproketi, gurudumu la meno linalovuta cheni, nayo hushikwa na nati. Nati hiyo niliizungusha kwa vidole. Spliti pini ya kuifunga haikuwemo. Niliikuta ndani ya kopo, nilikoiweka mimi mwenyewe mwezi wa tatu. Kosa ni langu. Kazi ya kulirekebisha ilikuwa ya saa mbili.

Ninayaandika haya kwa sababu stejini naona vijana ambao pikipiki zao bado ni za mkopo. Injini ikianza kulia inafunguliwa siku hiyo hiyo, silinda inachongwa, siku tatu hakuna kazi, na pengine ni cheni ya taimingi tu inayotaka kukazwa. Injini iliyokuwa imekaa vizuri ikifunguliwa bure, gasketi inaharibika, mchanga unaingia, na nati zinarudishwa haraka haraka. Kijana, kabla ya kukubali bei, mwambie fundi akuonyeshe kwa kidole mlio unatoka wapi, na akueleze kwa nini si mahali pengine. Akishindwa, tafuta mwingine. Na ninyi mafundi wenzangu, mkishapata jibu mfundisheni na mwenye pikipiki, kwa sababu ndiye anayeisikia kutwa nzima.

Springi hiyo ya krenki nimeirudisha ile ile ya zamani, lakini imechoka. Kama kuna msomaji, awe Mbale, Jinja au ng'ambo ya Malaba, aliyehifadhi vipuri vya BSA za silinda moja, naomba aandike kupitia gazeti hili. Nitasafiri kumfuata.

Fundi mstaafu wa reli,
Tororo