Carl Jackson hakuwa mbeba mkoba tu

Mhariri,

Wanaosifu ushindi wa mchezaji gofu Ben Crenshaw katika Masters ya 1984 na 1995, mashindano ya gofu ya klabu ya Augusta National, humsahau Carl Jackson, kedi (msaidizi anayembebea mchezaji fimbo na kumshauri) Mweusi, mzaliwa wa Augusta, Georgia, Marekani. Aliingia mashindano hayo kama kedi mwaka 1961 akiwa bado kijana mdogo. Hadi 1982 wachezaji walilazimika kutumia makedi wa klabu, ambao walikuwa Weusi. Mwaka uliofuata wachezaji waliporuhusiwa kuja na makedi wao wenyewe, wengi wa makedi wenyeji walikosa kazi. Crenshaw hakumwacha Jackson.

Fimbo 14 zinabebwa na yeyote mwenye mabega. Kazi hasa ni kusoma grini, yaani eneo la nyasi fupi lenye shimo, ujue mpira utaviringika kuelekea wapi. Pale uwanja wa Augusta macho hudanganya: unaona mteremko unaelekea huku, kumbe mpira unavutwa kule kwenye kijito cha Rae. Shimo la 12 ni fupi, lakini upepo wake hubadilika ghafla, na fimbo uliyochagua inakutosa majini.

Mwaka 1995 Crenshaw alifika akipiga ovyo. Jackson akamrekebisha mambo mawili: mpira urudi nyuma kidogo kati ya miguu, na mabega yageuke kwa kubana zaidi. Crenshaw alishinda kwa tofauti ya pigo moja.

Msomaji wenu