Kwa nini hatufumi soksi kwa namba ya kiatu

Ujumbe unaotufikia mara nyingi kuliko mwingine ni huu: "Naomba soksi za kroshia, navaa kiatu namba 39." Tunajibu kwa kuomba vipimo vinne, na hapo wengine hunyamaza kabisa. Tunawaelewa. Soksi za mashine hakuna anayekupima, unachukua jozi, unavaa, basi. Za kroshia zina tabia nyingine, na sisi tuliijua kwa hasara.

Mteja wetu mmoja wa mwanzoni alirudisha jozi yake siku ileile aliyoipokea. Vidole viliingia vizuri, wayo ukakaa sawasawa, soksi ilipofika kwenye kisigino ikagoma. Alivuta mpaka uzi wa ukingoni ukakatika. Tukaipima upya mezani: urefu sahihi, upana wa wayo sahihi. Kumbe kuna mahali ambapo hatukuwa tumempima kabisa.

Mahali penyewe ni hapa. Chukua futi ya fundi cherehani, ianzie kwenye ncha ya kisigino, ipandishe hadi pale mguu unapokunjika kwa mbele, izungushe irudi kisiginoni. Mtu mwenye wayo wa sentimita 23 kuzunguka na kifundo cha sentimita 22 anaweza kabisa kuwa na sentimita 31 hapo. Kwa hiyo shingo ya soksi inatakiwa itanuke hadi 31 ili kisigino kipite, kisha irudi ibane 22. Kitambaa kilichofumwa kwa sindano mbili hakioni tabu, kwa sababu vitanzi vyake vimeshikana kimoja ndani ya kingine, ukivivuta vinatanuka na ukiachia vinarudi. Kroshia, inayofumwa kwa sindano moja yenye ncha ya ndoana, humaliza na kuufunga kila mshono kabla ya kuanza unaofuata. Ndiyo maana uzi ukikatika soksi haifumuki mstari mzima hadi chini, lakini pia ndiyo maana haivutiki kirahisi.

Siku hizi shingo tunaifuma imelala ubavu, yaani mistari inapanda na mguu badala ya kuuzunguka. Ukitazama juu ya mshono wa kroshia utaona nyuzi mbili zimelala kama msuko wa nywele. Sindano ikipita chini ya ule wa nyuma peke yake, wa mbele unabaki umeinuka kama tuta dogo, na baada ya mistari michache kitambaa chenyewe kinaanza kujikunja kama marinda. Lastiki yetu ni hayo marinda. Ukiivuta shingo yanafunguka, ukiiachia yanajikusanya.

Vipimo vingine vitatu ni vyepesi: kuzunguka wayo chini kidogo ya vidole, kuzunguka kifundo, na urefu kutoka kisigino hadi kidole kirefu. Pima ukiwa umesimama, kwa kuwa mguu uliobeba uzito wa mwili hutanuka. Jioni ni bora kuliko asubuhi. Na tafadhali pima miguu yote miwili, kwa watu wengi hailingani. Kama huna futi, zungusha uzi usiovutika, weka alama, kisha uulaze kwenye rula.

Tukishapata namba, hatukimbilii kufuma. Tunafuma kwanza kipande cha majaribio kwa uzi wako, tunakifua, tunakikausha, ndipo tunahesabu. Tuseme sentimita 10 zina mishono 26. Wayo wako ni 23, tunapunguza sentimita 2 ili soksi ikushike, inabaki 21, na hiyo ni kama mishono 54. Sasa mkono wa fundi ukilegea kidogo tu, sentimita 10 zikawa na mishono 24, mishono ileile 54 inakupa sentimita 22.5. Soksi hiyo itateremka ndani ya kiatu siku nzima. Kwa sababu hiyo jozi moja hufumwa na mtu mmoja, na soksi ya pili huanzwa mara tu ile ya kwanza inapokwisha. Mkono hubadilika ukikaa.

Kuhusu uzi, tunapenda mchanganyiko wa sufu asilimia 75 na nailoni 25. Sufu inarudi ikivutwa, nailoni inastahimili msuguano wa kisigino. Uzi mwembamba wa aina hii huuzwa kwa donge la gramu 100 lenye takriban mita 400, na kwa kuwa kroshia inakula uzi kuliko sindano mbili, mguu mkubwa unaweza kuhitaji donge la pili. Wanaotuomba pamba tupu huwa tunawabembeleza wabadili mawazo: asubuhi soksi inapendeza, mchana imelegea. Kama sufu inakuwasha, tutafute pamba iliyochanganywa na lastiki.

Chini ya wayo tunatumia mishono mifupi na sindano ya milimita 2.5, na hatufungi fundo hata moja huko. Aliyewahi kutembea kutwa nzima juu ya fundo la uzi hahitaji maelezo. Kisigino tunakiweka mwisho, baada ya soksi yote kukamilika, kwenye mwanya tulioacha kwa makusudi. Kikitoboka, tunakifumua peke yake na kuweka kipya bila kugusa sehemu nyingine, kwa hiyo ule uzi kidogo tunaoweka ndani ya mfuko wako usiutupe. Ukifua, tumia maji ya baridi au vuguvugu, usisugue wala kusokota. Kamulia ndani ya taulo, kisha zianike zikiwa zimelazwa.

Limebaki suala la zawadi ya siri. Watu hutuletea soksi ya mashine ya mhusika waliyoichomoa kabatini, ila soksi hiyo ikilala mezani ni nyembamba mno kuliko mguu wenyewe, kwa hiyo haitusaidii. Mchoro wa wayo kwenye karatasi unatupa urefu tu. Kama huwezi kumzungushia mtu futi kisiginoni bila yeye kushtuka, agiza soksi fupi zinazoishia chini ya kifundo, ambazo hazina shingo ya kupitisha kisigino.