Makanisa yawapokee walionaswa na kamari

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwasihi viongozi wa makanisa ya hapa Moshi wawapokee waziwazi vijana walionaswa na kamari, kwani wengi tunakaa nao ibadani huku mikeka, yaani orodha za ubashiri, ya mechi za Jumapili ikiwa tayari kwenye simu zao.

Katika jumuiya yetu yupo dereva wa bodaboda aliyekuwa akibeti hadi hesabu ya tajiri wake, yaani pesa za kumpelekea mwenye pikipiki. Mahubiri ya kuwalaani wacheza kamari hayakumsaidia. Kilichomsaidia ni kuungama mbele ya wazee wawili, kukubali mkewe ashike laini ya pesa kila jioni, na kupigiwa simu na mzee mmoja ili waombe pamoja saa ileile aliyozoea kusuka mkeka. Maombi yalimpa ujasiri wa kusema ukweli nyumbani kwake, na mimi nauona huo kuwa muujiza mkubwa kuliko kulipwa kwa madeni yake, ambayo bado anayalipa.

Shirika la Afya Duniani linautambua uraibu wa kamari kuwa ugonjwa, kwa hiyo anayehitaji mshauri nasaha au daktari asiambiwe kwamba imani yake ni haba.

Nawaomba wachungaji na mapadre watenge jioni moja kwa wiki kwa ajili ya watu hawa na wake zao, milango ikiwa imefungwa na siri zao zikitunzwa.

Mzee wa Kanisa,
Majengo, Moshi