Linda Ronstadt hakuanza mwaka wa 1974

Mhariri,

Nalisoma gazeti lako tangu ujana wangu na sijawahi kukuandikia, hata siku nilizokereka. Makala ya Jumamosi kuhusu kantri-roki imenishinda. Mwandishi wako anadai Linda Ronstadt wa Marekani alianza kuwa mwimbaji wa kweli 1974 kwa albamu ya Heart Like a Wheel, na kwamba zilizotangulia ni za kujaribujaribu. Silk Purse ya 1970 ameitaja mara moja tu, kwa sababu ya nguruwe walio kwenye jalada.

Je, aliisikiliza? Hiyo ni albamu yake ya pili tangu aachane na bendi yake ya Stone Poneys. Alikuwa na umri wa miaka 23, akaenda kurekodi Nashville kwenyewe, makao makuu ya kantri, akafungua na Lovesick Blues, wimbo ambao gwiji wa kantri Hank Williams alikuwa ameufanya wake. Kuna wengi wenye majina ambao hawangethubutu. Halafu sikiliza Long Long Time, utungo wa Gary White. Anaanza kwa upole kama mtu anayejisemea mwenyewe, sauti inapanda taratibu hadi inajaa chumba kizima, na hapigi kelele hata kidogo. Wimbo huo ulifika nambari 25 kwenye chati ya Billboard ya Marekani na ukampa uteuzi wa Grammy. Hayo ndiyo majaribio? Najua Ronstadt mwenyewe amewahi kuikosoa albamu hii. Ana haki, ni kazi yake. Mwandishi wako hana haki ya kujificha nyuma ya maneno yake ili asiisikilize. Mwaka wa 2013 mama huyu alitangaza kwamba maradhi yamemnyima uwezo wa kuimba. Hatarekodi tena, kwa hiyo kila alichokiacha kinastahili masikio.

Wala si gazeti peke yake. Jumapili moja nilipiga simu kwenye kipindi cha kantri cha redio, hapa Nakuru ambapo wazee na vijana wanaijua kantri kwa moyo, nikaomba Long Long Time. Mtangazaji akaniambia hewani kwamba huo ni wimbo wa mchezo wa runinga wa juzijuzi. Kweli ulisikika kwenye The Last of Us mwaka wa 2023, lakini ulikuwa na zaidi ya miaka 50! Akauweka, akaongea juu ya ubeti wa kwanza wote, akaukata kabla haujaisha ili atangaze mkopo wa pikipiki. Tabia hii imeenea kila stesheni: wimbo haupewi mwanzo wala mwisho, na mtunzi hatajwi kabisa.

Naomba mwandishi wako aketi na Silk Purse, pande zote mbili, simu ikiwa imezimwa, kisha aandike upya, ukurasa uleule, ukubwa uleule. Na kando ya kila wimbo achapishe jina la aliyeutunga.

Msomaji wako wa miaka mingi,
Nakuru