Hela ya Julai tunaila tangu Mei

Mhariri, naomba kanafasi kwenye barua za wasomaji. Nina duka hapa Uyole, Mbeya, la kawaida tu, sembe, sabuni, mafuta ya kupima, na daftari la madeni ambalo ndo limenifundisha kwamba hela ya serikali huku mtaani inaanza kutumika kabla haijatoka.

Mei Mosi 2025 Rais alitangaza kule Singida kima cha chini cha watumishi wa umma kinapanda toka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai, asilimia 35.1. Kuna jirani yangu mtumishi, yeye siku zote mafuta ya mia tano, wiki hiyo hiyo akabeba lita nzima na mchele kilo tano, "mangi andika, Julai hiyo hapo." Nikaandika. Kumbe mwenzangu hayuko kima cha chini, na tangazo lilisema ngazi zingine zitapanda kadri bajeti itakavyoruhusu ila hicho kipande nani alikisikia, kila mtu alibaki na 35 kichwani. Mwenye nyumba wake naye si alisikia, akapandisha kodi kabla Juni haijaisha! Julai nyongeza ikaja kwa kiasi chake, kodi ikala, friji ya mkopo ikala, mafuta yakarudi ya mia tano, deni langu likabaki palepale.

Mwanangu anasoma uchumi chuo, ananiambia vitabuni ni kinyume, eti Muingereza David Ricardo mwaka 1820 alieleza (ingawa mwenyewe hakuiamini sana), akaja Mmarekani Robert Barro 1974 akaifufua, kwamba mtu akisikia serikali inakopa ili itumie anajua kesho atalipishwa kodi, basi anajibana tangu leo. Nikacheka. Halafu nikakumbuka tozo za miamala ya simu, zile zilizoanza tarehe 15 Julai 2021. Tulishaambiwa hela itaenda kwenye huduma za jamii, ila kabla tarehe 15 haijafika mnunuzi wa viazi anayepitaga hapa dukani kuelekea Isyonje aliacha kutuma kwa simu, akawa anabeba keshi kwenye soksi, na soda yake ya kila siku akaacha pia. Kwa hiyo naona wote wako sahihi, anayejiona atapokea anakopa, anayejiona atalipa anabana, na wote wawili wanaishi kwa habari waliyoisikia nusu.

Ndo maana nawaandikia nyie. Bajeti ya Juni mkiweka matrilioni ukurasa wa mbele, hapohapo andikeni inatoka mwezi gani, inamgusa nani na inalipwa kwa kodi ipi, msitupeleke ukurasa wa 14. Mimi gazeti nitalibandika juu ya mizani, mtu akisema andika tunasoma wote kwanza.

Mwenye duka, Uyole