Mashine za paka na mbwa: tuulize kwanza zinafanya nini umeme ukikatika

Ndugu Mhariri,

Simu zetu zimejaa matangazo ya vifaa vya kuwapunguzia kazi wenye paka na mbwa. Ipo mashine inayomwaga chakula kwa saa maalumu, choo cha paka kinachojisafisha, bakuli lenye maji yanayozunguka, hata mkanda wa shingoni unaodaiwa kufukuza viroboto kwa sauti. Baadhi vinasaidia kweli. Lakini kuna mambo mawili ambayo muuzaji hayasemi na mnunuzi anapaswa kuyajua kabla hajatoa pesa: kifaa kitafanya nini umeme ukikatika, na ni dalili zipi za ugonjwa ambazo mwenye mnyama hataziona tena akishakiachia kazi.

Nianze na mashine ya kulishia, maana hiyo ndiyo huachiwa mnyama siku nzima au mbili. Ndani kuna tangi la chakula kikavu, na chini ya tangi kuna gurudumu lenye mapezi ya mpira linalozungushwa na mota ndogo. Gurudumu likisogea hatua moja, fungu moja hudondoka. Fungu hilo hupimwa kwa ujazo, wala si kwa uzito, kwa hiyo usiiamini namba ya kwenye boksi. Iamuru mashine itoe mafungu 10, yaweke kwenye mizani ya jikoni, kisha gawanya kwa 10. Paka mzima wa kilo 4 anayeishi ndani anahitaji takriban gramu 55 hadi 65 za chakula kikavu kwa siku, kutegemea chakula chenyewe. Kama fungu lako lina gramu 9, mafungu 6 au 7 yanamtosha. Ukibadilisha chakula, pima upya, kwa sababu punje ndogo hujipanga kwa kubanana na fungu huwa zito zaidi.

Huku pwani adui wa mashine hii ni unyevu. Punje hunyonya unyevu na kulainika, mafuta yake hugandia kwenye mapezi, na mwishowe hushikamana zikawa kama dari juu ya gurudumu. Mota inazunguka, programu ya simu inaandika kwamba mnyama ameshakula, na bakuli ni tupu. Ndiyo sababu tangi la lita 4 lisijazwe hadi juu hata kama linaruhusu. Weka chakula cha siku 3 au 4, badilisha kifuko cha kukausha unyevu kilicho kwenye mfuniko, na kila unapojaza upya futa mapezi kwa kitambaa kikavu. Kwa sisimizi, inua mashine juu ya kitu kilichosimama katikati ya sinia lenye maji.

Nyingi hutumia adapta ya volti 5, na zina nafasi ya betri 3 kubwa za saizi D zinazopokea kazi umeme ukikatika au uniti za LUKU zikiisha. Usisubiri kukatika kwa kweli ndipo uzijaribu. Panga mlo wa dakika 10 zijazo, chomoa adapta, zima na rauta, kisha tazama. Mashine ikishindwa kutoa chakula ilhali betri ni nzima, huenda ratiba haikai ndani yake bali iko kwenye kompyuta za kampuni, mbali kabisa. Wateja wa Petnet ya Marekani waliliona hilo Februari 2020, mfumo wa kampuni ulipozimika kwa takriban wiki nzima na baadhi ya mashine zikaacha kulisha. Hili si usumbufu mdogo kwa paka, hasa paka mnene. Akikaa siku 2 au 3 bila kula, mafuta huanza kurundikana kwenye ini, na ugonjwa huo huua. Kwa hiyo hata mashine iwe nzuri vipi, awepo mtu wa kuchungulia bakuli kila siku.

Choo kinachojisafisha kinahitaji uangalifu zaidi. Aina iliyoenea ni pipa linalojizungusha dakika kadhaa baada ya paka kutoka: mchanga hupita kwenye chekecheo, mabonge huanguka kwenye droo chini. Linafanya kazi kwa mchanga wa paka unaoganda tu. Maranda ya mbao au mchanga wa kawaida, ambao wengi wetu tunautumia, haufanyi bonge. Mkojo hupita nao kwenye chekecheo na kugandia ukutani mwa pipa. Mchanga ukizidi alama ya juu, kipima uzito kinachanganyikiwa na pipa linasimama katikati ya mzunguko.

Kipima uzito hicho ndicho kinachomlinda paka asibanwe, na katika vifaa vingi hakimtambui paka wa chini ya kilo moja na nusu hivi. Watoto wa paka wasiachiwe choo hiki kikiwa kwenye hali ya kujiendesha. Kizime, ukizungushe mwenyewe kwa kitufe ukiwa umesimama pale. Kabla paka mzima hajakitumia, weka ndani mfuko wa unga wa kilo 2 na uamuru kizunguke: kinapaswa kukataa. Kisha utoe, kianzishe, na ukiwa katikati ya mzunguko sukuma taulo lililoviringishwa mdomoni mwa pipa. Kisiposimama papo hapo, kirudishe dukani.

Hatari nyingine haionekani. Paka dume hupatwa na kuziba kwa njia ya mkojo. Huingia chooni mara nyingi, hujikamua, hutoka bila kitu, na asipofikishwa kwa daktari wa mifugo haraka anaweza kufa ndani ya siku 2 au 3. Anayezoa kwa mkono huona leo hakuna bonge hata moja. Mwenye mashine huona mchanga safi na kufurahi. Kama kifaa chako kinahesabu mara ambazo paka ameingia, isome hesabu hiyo kila jioni. Kwangu ina thamani kuliko usafi wenyewe. Fungua na droo kila siku. Vimelea vya toksoplazma, vinavyotoka na kinyesi cha paka na vinavyoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, huhitaji siku 1 hadi 5 nje ya mwili wa paka ndipo viweze kuambukiza, na droo yenye kinyesi cha wiki nzima huvipa muda huo wote. Mjamzito asiiguse.

Bakuli la maji yanayozunguka halina ubaya likisafishwa kila wiki. Pampu yake hufa kwa sababu tatu: nywele kujizungusha kwenye pangaboi dogo la ndani, chumvi ya maji ya kisima, na kukauka. Ifungue, toa nywele, iloweke nusu saa katika siki na maji kwa kiasi sawa, isuuze vizuri. Weka pia bakuli la kawaida pembeni.

Mkanda wa sauti ya kufukuza viroboto usinunuliwe kabisa. Viroboto hawaijali sauti hiyo, na mbwa anaendelea kupata kupe na homa zake huku mwenyewe akiamini amemkinga.

Nawaomba wafanyabiashara wanaoagiza vifaa hivi waandike juu ya boksi, kwa Kiswahili: aina na idadi ya betri za akiba, kama ratiba inafanya kazi bila intaneti, uzito mdogo wa mnyama anayeruhusiwa, na duka linalouza pampu na vichujio vya kubadilishia.

Msomaji wenu,
Tanga