Jumamosi hii: njooni wawili wawili

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Jumamosi saa kumi jioni tunakutana kama kawaida, ila safari hii hatuanzi kuimba, tunaanza kusikiliza. Nimewachagulia The Welcome Wagon, mume na mke wa Brooklyn, New York: Vito Aiuto, mchungaji wa Kipresbiteri, na mkewe Monique. Walianza kwa kuimba tenzi nyumbani kwao tu. Albamu yao ya kwanza ilitoka 2008, mtayarishaji akiwa mwanamuziki wa Marekani Sufjan Stevens, ndiyo maana humo mna tarumbeta na kwaya juu ya gitaa. Mimi (wapenda kinanda mnisamehe) napenda zaidi pale vyote vinaponyamaza, ikabaki gitaa na sauti ya Monique, nyembamba, haina madoido, kama mtu anayeimba huku anaosha vyombo.

Wenye ndoa zenu, msije mmoja mmoja! Baada ya chai kila jozi itajaribu ubeti mmoja, gitaa kavu bila spika. Ile spika ilitukoromea mpaka kwenye sala ya kufunga, siileti tena.

Mwenye uzi wa tatu wa gitaa wa akiba aje nao, wangu umekatika.